Kitambaa kilitutangulia

Haya ni maneno niliyoyasema jioni ya Jumapili mbele ya Waswahili wenzangu tunaoishi Lowell, Massachusetts. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka. Vicheko nimevipunguza, na nimerudisha miaka miwili mitatu ambayo ulimi uliisahau pale mbele.

Wazee wetu, shikamooni. Kina mama, dada na kaka, habari za jioni. Ndugu zetu wa Kongo, jambo sana. Nyinyi vijana mliokaa nyuma karibu na sinia la sambusa, nawaona.

Mwenyekiti aliniomba nizungumze juu ya historia ya mji huu na siasa zake. Nikamwuliza, kwa dakika ngapi? Akasema 20. Nikamwambia, mzee wangu, kwa dakika 20 nitafika mtoni tu. Akanijibu: basi anza, tutakuvuta shati.

Mtoni tutafika. Lakini nataka kuanzia kwenye sanduku la bibi yangu.

Bibi yangu, kule Tanga, alikuwa na sanduku la mbao chini ya kitanda. Ukifungua, juu kuna kanga zilizokunjwa na harufu ya karafuu. Chini kabisa kulikuwa na kitambaa kizito cha pamba, rangi yake kama maziwa yaliyolala, bado kina vile vipunje vyeusi vya mbegu ukikitazama juani. Yeye alikiita marekani. Mto ukipasuka, marekani. Mfuko wa kuchujia tui, marekani. Kaptura yangu ya kulalia, marekani. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kwenda dukani peke yangu na bado naamini kwamba ile nchi inayotajwa redioni imepewa jina la kitambaa cha bibi.

Wangapi hapa walikuwa na bibi wa namna hiyo? Haya, mikono naiona. Mama anasema kwao Bukavu waliita amerikani. Ndicho hicho hicho.

Kitambaa cha bibi hakikutoka Marekani. Wakati wake kilikuwa kimekwisha kufumwa Japani na India, na baadaye kwetu wenyewe. Jina tu ndilo lilibaki. Ila jina lilipatikana wapi? Wengi wetu tunalala kilomita moja au mbili kutoka mahali lilipozaliwa, na hatujui.

Sikilizeni. Mwaka 1833 mjumbe wa serikali ya Marekani, Edmund Roberts, alitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Maskati na Unguja. Mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, akafika Unguja kuwa konseli wa Marekani, kabla Mwingereza hajapeleka wa kwake. Salem mnaijua, ile ya wachawi, hapo pwani, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Matajiri wa Salem walikwenda Unguja kuchukua pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu. Na hawakwenda mikono mitupu. Walipakia majora ya kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts. Mama wa viwanda hivyo ni mji huu tulioketi.

Watu wa pwani wakakipenda. Wao hawakuwa wajinga wa nguo, walikuwa wanunuzi wagumu kweli kweli. Mwingereza alileta cha kwake cha kuigiza, kimejazwa wanga kinang'aa. Ukikifua mara moja umebaki na chandarua. Merikani, ndivyo walivyokiita kile cha Massachusetts, ilikuwa nzito na ilidumu. Ikapanda misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora, hadi Ujiji. Huko bara ilikuwa ndiyo fedha. Mikono minne ni shuka. Shuka mbili ni doti. Kina mama, kila mnaponunua kanga kwa doti mnatumia hesabu ile ile ya wapagazi. Chifu akitaka ushuru wa kupita katika nchi yake alilipwa kwa kitambaa, na ushuru huo uliitwa hongo, neno la halali kabisa wakati ule. Lilivyoharibika baadaye ni hotuba nyingine. Stanley, mwaka 1871, alipokuwa Unguja akijiandaa kumtafuta Livingstone, alinunua merikani kwa wingi pamoja na shanga, maana bila hivyo njia haipitiki.

Kwa hiyo mtu wa Unyamwezi aliivaa Marekani mwilini kabla hajajua kwamba ni nchi.

Hapo tukipiga makofi na kujisifu kwamba sisi na Lowell ni marafiki wa siku nyingi, tutakuwa tumekunja jora kabla ya kulikagua. Pamba ile haikuota hapa. Massachusetts haioti pamba, mnajua baridi yake. Ililimwa na kuchumwa kusini, na waliochuma walikuwa watumwa, watoto wa Afrika ya magharibi na ya kati na watoto wa watoto wao. Ikaja hapa, ikasokotwa, ikafumwa. Sehemu yake ikarudishwa kusini kama kitambaa cha hovyo cha kuwavisha watumwa wale wale, na jina la mji huu likageuka huko kuwa jina la nguo ya mtumwa. Sehemu nyingine ikavuka bahari hadi Unguja, ambako soko la watumwa lilikuwa limechangamka, na huko bara ilinunua pembe, na mara nyingi ilinunua na mtu wa kuibeba pembe. Kitambaa kimoja, na mtumwa kwenye kila pindo. Mwaka 1848 Charles Sumner, mwanasiasa wa hapa hapa Massachusetts, aliwatukana wakubwa wa jimbo lake hadharani kwamba wamefunga ndoa chafu, mabwana wa mtambo wa kufumia pamoja na mabwana wa kiboko. Matajiri wa Boston hawakumsamehe upesi.

Nimekaa sana hapo kwa makusudi. Sasa twende mtoni.

Mto Merrimack unapofika hapa unaporomoka kama mita 10 katika maporomoko ya Pawtucket. Wenyeji wa asili, Wapawtucket na Wapennacook, walikutana hapo kila majira ya kuchipua kuvua samaki waliokuwa wakipanda kutoka baharini. Kijiji chao cha Wamesit kilikuwa pale Mto Concord unapoingia Merrimack. Walifukuzwa na kumalizwa kwa vita, maradhi na karatasi za mashamba. Mwaka 1796 Wazungu wakamaliza kuchimba Mfereji wa Pawtucket ili mbao zishuke bila kuvunjikia kwenye miamba. Haukuwa na faida sana. Faida ilikuja pale mtu fulani alipotazama maporomoko yale na kuona nguvu, samaki asiwaone tena.

Mtu huyo watu hudhani ni Francis Cabot Lowell. Yeye alikwenda Uingereza mwaka 1810, akatembelea viwanda vya nguo kama mgeni muungwana, akaitazama mitambo ambayo Waingereza walikataza hata michoro yake isitoke nchini, na akarudi nayo kichwani. Akiwa na fundi Paul Moody wakaijenga upya huko Waltham. Tukifanya sisi inaitwa wizi wa teknolojia. Akifanya yeye anapewa mji. Lakini alifariki mwaka 1817. Hakuuona mji huu hata siku moja. Wenzake ndio walionunua mashamba ya hapa kimya kimya mwaka 1821, wakaanzisha Kampuni ya Merrimack mwaka 1822, na mwaka 1823 kitambaa cha kwanza kikatoka. Mwaka 1836 tayari ni jiji.

Kwa mikono ya nani? Inasimuliwa kwamba mwaka 1822 Hugh Cummiskey aliongoza Waayalandi kama 30 wakatembea kwa miguu kutoka Charlestown hadi hapa kutafuta kazi ya kuchimba mifereji. Ni mwendo wa siku nzima. Wakachimba, na mifereji ya mji ikafika kilomita 9. Hakuna aliyewajengea nyumba. Wakajibanza kwenye vibanda vya mbao na udongo, mahali panapoitwa the Acre mpaka leo, na nusu yenu mmepanga huko. Wekeni kichwani mwaka huo, 1822. Nitaurudia.

Ndani ya viwanda waliingia wasichana. Mabinti wa wakulima kutoka New Hampshire, Vermont na Maine, wengi kati ya miaka 15 na 30. Waliishi kwenye mabweni ya kampuni chini ya mama mlezi, mlango unafungwa saa 4 usiku, kanisani lazima. Kengele iliwaamsha alfajiri na kengele iliwaachia jioni, wastani wa saa 73 kwa wiki. Madirisha yalifungwa kiangazi chote ili hewa ibaki na unyevunyevu, nyuzi zisikatike. Vumbi la pamba lilielea kama theluji, likaingia kifuani na halikutoka.

Nimewahi kusimama kwenye chumba cha mitambo cha Boott, kiwanda ambacho sasa ni makumbusho. Wana mitambo mingi ya mwanzoni mwa karne ya 20, na wanaendesha michache tu kwa wakati mmoja. Hiyo michache inatosha. Sakafu inatetemeka, unaisikia kwenye magoti kabla ya masikio. Mtande, zile nyuzi za urefu, umevutwa kama nywele zilizochanwa, halafu kile chombo kinachobeba uzi wa mshindio, ule wa kukatiza, kinarushwa kushoto, kulia, kushoto, kwa pigo ambalo jicho haliwezi kulifuata. Nilijaribu kumwita mwanangu aliyekuwa umbali wa hatua mbili. Aliona mdomo wangu unafunguka tu. Nikafikiria chumba hicho mitambo yote ikiwa hai, na binti wa miaka 16 anayehudumia miwili mitatu, siku sita kwa wiki.

Na mabinti hao ndio walionifanya niupende mji huu. Mwaka 1834 kampuni zilipotangaza kupunguza mishahara kwa asilimia 15, wapatao 800 walitoka nje na kuandamana mjini. Wanawake, mwaka 1834! Walishindwa. Mwaka 1836, kodi ya bweni ilipopandishwa, wakatoka tena, safari hii wengi zaidi. Harriet Hanson alikuwa na miaka 11. Wenzake ghorofani walisitasita, yeye akasema potelea mbali, akatoka, na safu nzima ikamfuata. Baadaye kampuni ilimfukuza mama yake, mjane aliyekuwa akiendesha bweni, kwa kosa la kutomzuia binti yake. Kisha akaja Sarah Bagley, akaanzisha chama cha wanawake wafanyakazi, wakakusanya maelfu ya saini kutaka siku ya kazi iwe saa 10. Bunge la jimbo likawasikiliza mwaka 1845, likasema linawahurumia, na likasema halina uwezo. Sheria ya saa 10 kwa wanawake na watoto ilipita mwaka 1874.

Shida ya maombi yao ilikuwa moja na nyepesi kuieleza. Hawakuwa na kura. Mbunge aliyewasikiliza hakuwa na cha kupoteza.

Mabinti walipochoka wakaondoka, na nafasi zao zikajazwa na wageni, kundi baada ya kundi. Waayalandi wa njaa ya viazi. Wakanada wasemao Kifaransa, waliokaa Little Canada wamebanana ghorofa kwa ghorofa. Jack Kerouac alizaliwa katika watu hao mwaka 1922 na alijifunza Kiingereza shuleni, kama wanenu. Wagiriki, Wapolandi, Wareno, Wayahudi. Kila kundi lilichekwa kwa lugha yake, chakula chake na wingi wa watoto wake, halafu likageuka kumcheka aliyefuata. Sisi nasi tujichunge.

Mtaniruhusu kidogo nimtaje mhandisi mmoja, kwa sababu vijana wanadhani historia ni nguo na maandamano tu. James B. Francis, mzaliwa wa Uingereza, alisimamia mifereji ya hapa. Mwaka 1850 alijenga lango kubwa la mbao juu ya mfereji, kama ghorofa mbili kwenda juu, likining'inia kwa pingu ya chuma, la kuzuia gharika. Watu wakaliita upumbavu wa Francis. Mwaka 1852 mto ukafurika, pingu ikakatwa kwa patasi usiku, lango likaanguka, mji ukapona. Likaangushwa tena mwaka 1936 na mji ukapona tena. Huyo huyo ndiye aliyetengeneza hapa aina ya turbini yenye jina lake. Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235, yote ni ya aina ya Francis. Ukiwasha taa Dar es Salaam, fikra iliyoanzia kwenye mifereji hii ya Lowell imo ndani ya umeme huo. Hilo mwambieni mwalimu wa sayansi.

Sasa kifo cha mji.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, wenye viwanda wengi hapa waliuza akiba yao ya pamba kwa bei ya kuruka, wakafunga milango na kuwaachisha kazi maelfu. Kule Unguja merikani ikaadimika, bei ikapanda, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua soko. Lowell ilinyanyuka baada ya vita, lakini soko letu halikurudi kama zamani. Kisha miaka ya 1920 kampuni moja baada ya nyingine zikahamia kusini ambako ujira ulikuwa mdogo na vyama vya wafanyakazi vilikuwa dhaifu. Hapa unyonge ulianza kabla dunia haijatangaziwa mdororo. Boott ilifunga miaka ya 1950. Merrimack, ile ya kwanza kabisa, nayo ikafa miaka hiyo hiyo, na majengo yake pamoja na mabweni ya mabinti yakabomolewa miaka ya 1960. Little Canada ikabomolewa pia. Waliita kuufanya mji upya. Mzee mmoja Mkanada niliyekuwa nikimhudumia kazini aliniambia alisimama ng'ambo ya barabara akitazama tingatinga likiingia jikoni kwa mama yake. Alikuwa amesahau jina langu kila asubuhi, lakini rangi ya ukuta wa jiko lile aliikumbuka.

Mnaotoka Kisumu mnajua nazungumzia nini, mliiona KICOMI ikinyamaza. Wa Eldoret, Rivatex ilinyamaza, ndiyo ikafufuliwa baadaye. Wa Dar, Urafiki pale Ubungo. Wa Kalemie, Filtisaf. Kiwanda cha nguo kikifunga, kinachonyamaza kwanza ni king'ora, halafu duka la chai getini.

Lowell ilikuwa na watu 112,759 mwaka 1920. Mwaka 1980 walibaki 92,418. Ilichukua miaka 100 kamili kuipita ile hesabu ya zamani: sensa ya mwaka 2020 ilipata 115,554. Na waliojaza pengo hilo ni nani? Wakambodia waliokimbia mauaji ya Khmer Rouge, ambao leo jamii yao hapa ni ya pili kwa ukubwa Marekani baada ya Long Beach. Wapuertoriko, Wadominika, Wabrazili. Na sisi. Nasema na sisi kwa sauti, kwa sababu nasikia baadhi yetu wanaongea kama tunakula mkate wa wenyewe. Bila wageni mji huu ungekuwa na mifereji mizuri na nyumba tupu.

Kufufuka kwake kulikuwa na mambo mawili, na moja lilidanganya. La kudanganya ni kompyuta. Kampuni ya Wang ilihamia hapa miaka ya 1970, ikajenga minara mitatu ile mnayoiona mkipita barabara kuu, kwa dola milioni 60. Mwaka 1992 ikafilisika. Mwaka 1994 minara hiyo ikauzwa kwa mnada kwa dola 525,000. Bei ya nyumba ya familia moja siku hizi, jamani!

La pili lilikuwa wazo lililochekwa. Mwalimu mmoja wa hapa, Patrick Mogan, alishikilia kwamba magofu yale si aibu, ni shule. Watoto wakijua babu zao walijenga nini, watasimama wima. Paul Tsongas, mbunge wetu huko Washington, mtoto wa dobi, wa ukoo wa Wagiriki, akalibeba wazo hilo hadi bungeni, na mwezi Juni 1978 sheria ikapita kuifanya Lowell hifadhi ya taifa ya historia. Hifadhi ya taifa sisi tunajua ina simba. Hii ina matofali. Fedha za serikali kuu zikaja, viwanda vikageuzwa makumbusho, ofisi, vyuo na nyumba za kupanga.

Nyumba za kupanga, hapo nina neno langu. Niliwahi kukaa miezi 14 kwenye kiwanda kilichogeuzwa nyumba. Dirisha la futi kumi, la kupendeza, na upepo wa Januari ulipita humo bila hodi. Mwenye nyumba, ambaye simtaji, alituma barua kwamba kodi inapanda kwa sababu jengo lina thamani ya kihistoria. Nikawakumbuka mabinti wa 1836 na kodi yao ya bweni. Nikahama, lakini sikuandamana, na mpaka leo najiona nilikuwa mwoga kuliko mtoto wa miaka 11.

Sasa siasa, na hapa ndipo nilipokuwa nikiwaleta.

Mji huu hauendeshwi na meya. Wengi hamlijui hilo, mnamwandikia meya kuhusu shimo la barabarani. Meya hana sepetu. Tangu miaka ya 1940 Lowell ina meneja wa jiji, ambaye Tanzania tungemwita mkurugenzi, anaajiriwa na madiwani, na yeye ndiye anayeandaa bajeti na kuajiri wakuu wa idara. Meya ni diwani aliyechaguliwa na madiwani wenzake. Anaongoza vikao, anakaa kwenye bodi ya shule, ana kura moja. Kwa hiyo nguvu iko kwenye vile viti vya udiwani.

Na viti hivyo, kwa miaka mingi, vilikuwa 9, vyote vya mji mzima. Hakuna kata. Kila mpiga kura anachagua 9 kutoka orodha moja. Mnaona mtego? Kundi lenye nusu na kidogo ya kura linachukua viti vyote. Wakati karibu nusu ya wakazi hawakuwa Wazungu, unaweza kuingia ukumbi wa baraza na kukuta sura tisa za namna moja, wengi wao majirani wa mitaa ile ile. Mkambodia wa kwanza kuingia, Rithy Uong, alichaguliwa mwaka 1999, na baada yake wachache sana. Mwaka 2017 wakazi 13, wenye asili ya Asia na wa Kilatino, wakaishtaki serikali ya mji mahakama ya shirikisho kwa sheria ya haki ya kupiga kura. Mwaka 2019 mji ukakubali kubadilika. Uchaguzi wa Novemba 2021 ulikuwa wa kwanza kwa mpango mpya: kata 8 na viti 3 vya mji mzima, jumla 11. Januari 2022 Sokhary Chau, aliyekimbia Kambodia akiwa mtoto, akaapishwa kuwa meya, Mkambodia wa kwanza kuwa meya katika Marekani nzima.

Sasa niliwaomba muweke kichwani mwaka 1822. Waayalandi walifika na majembe mwaka huo. Meya wa kwanza Mwayalandi Mkatoliki, John J. Donovan, alichaguliwa mwaka 1882. Miaka 60 kutoka kwenye mtaro hadi kwenye kiti. Wakambodia walianza kuja mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kama miaka 40, na ilibidi wapite mahakamani.

Sisi saa yetu ilianza lini, na nani anaihesabu? Kila uchaguzi nasikia kilekile: sina muda, natoka zamu ya usiku. Kweli, na mimi nimezifanya zamu hizo. Lakini tazama ramani ya kata. Kata ni mitaa michache. Harusi zetu zinajaza watu wa kutosha kumtoa diwani usingizini. Wenye uraia hapa mjiandikishe. Fomu ziko mezani kwa dada aliyevaa kitenge cha bluu, na kura ya posta ipo kwa wa usiku. Wasio na uraia bado, vikao vya baraza viko wazi, Jumanne jioni, na mkazi anaruhusiwa kujiandikisha na kusema. Mkalimani ombeni mapema. Bunge lililowahurumia wale mabinti mwaka 1845 liliwahurumia kwa sababu kuwahurumia hakukuligharimu kitu.

Naona mwenyekiti ameanza kuangalia shati langu. Tangazo moja, nimalize. Jumamosi saa 5 asubuhi tunakutana mlangoni pa makumbusho ya Boott, watu 25 wa kwanza. Watoto waje. Kitambaa kinachofumwa mle ndani wanakiuza dukani pale chini, taulo za jikoni hasa. Mimi nina moja. Nimemtumia mama Tanga nyingine. Alipiga simu akasema, hii si ndiyo marekani ya bibi yako? Vaeni viatu vya kufunika vidole, na vizibo vya masikio mchukue kabla hamjaingia, msingoje mpaka mtambo uanze.